Wimbo Uko kwa Purity

Wiki tatu baada ya kumzika Baba nilienda Runyenjes kumsaidia ndugu yangu Nyaga kupanga bucha, maana sasa ni yake, nikamkuta anasugua mpini wa panga kwa kitu cha rangi ya asali iliyoungua.

"Hiyo ni nini?"

"Sabuni ya panga." Hata hakuniangalia. "Ni ya mzee. Ukipaka kwa mpini, panga haitelezi hata mkono ukiwa na mafuta."

Nikamwambia alete nione. Nikainusa. Juu kulikuwa na mafuta ya ng'ombe ya miaka na miaka, lakini chini yake, jamani, harufu ya utomvu wa msonobari, kali, tamu kidogo, ile inayokwama nyuma ya pua. Haikuwa sabuni. Ilikuwa rozini yangu, kile kipande cha utomvu mkavu ambacho mpiga vayolini hupaka kwenye nywele za upinde ili ushike nyuzi usiteleze. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimeivurumisha nyuma ya bucha hiyo hiyo kwa nguvu zangu zote ili nisiione tena.

Kumbe mtu aliiokota. Aliiokota, akaifunga kwa kitambaa, akaitumia kukatia mifupa miaka yangu yote ya utu uzima, na hakunitajia hata siku moja. Huyo ndiye baba niliyekuwa naye. Nilisimama pale mlangoni na hasira ya mtu asiye na wa kumgombeza, kwa sababu mwenyewe ameshazikwa. Nyaga akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia aendelee na kazi.

Ndiyo, Runyenjes ilikuwa na okestra. Najua mnacheka. Watu wa rika langu, sisi tuliokunywa maziwa ya shule kwa pakiti za pembetatu, wanakumbuka kwaya na bendi za gitaa, lakini nikisema okestra wananiangalia kama nimesema tulikuwa na bandari. Tulikuwa nayo. Aliileta Mwalimu Njiru, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ndogo na subira ndogo zaidi, ambaye alisikia kwamba shule moja ya wamisheni huko mbali inafunga na inagawa vyombo vyake vya muziki. Akavifuata. Vikaja juu ya lori la mbolea, vayolini kumi, sello mbili za kupigia katikati ya magoti na besi moja kubwa iliyofungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, na soko zima likasimama kuangalia.

Wapigaji aliwatoa hapa hapa. Karani wa chama cha ushirika alipewa sello. Nesi wa zahanati akapewa vayolini. Besi ilienda kwa Bwana Swaleh, fundi wa cherehani, kwa sababu ndiye pekee mwenye mikono ya kuifikia, na kila Jumamosi ilibidi tumngoje arudi kutoka swala ya alasiri ndipo tuanze. Waliobaki wengi tulikuwa watoto wa shule. Tulikutana ndani ya stoo ya kiwanda cha kahawa, katikati ya magunia. Msimu wa kahawa ukifika, harufu ya maganda yaliyochacha ilitufanya tupige huku tumekunja pua, na nusu ya watu hawakuja kwa sababu walikuwa shambani wakichuma. Mwalimu Njiru aliichukia kahawa, na katika mji ule hilo lilikuwa jambo la kusema kwa sauti ya chini.

Siku ya kutupanga alitusimamisha watoto mstari mmoja, akatuambia tupige makofi yanayolingana huku yeye akijaribu kutupoteza. Anaimba haraka, anapunguza, anagonga gunia mahali pasipofaa. Wenzangu wakapotea mmoja mmoja. Mimi sikupotea. Nimelelewa kwenye bucha, kelele za watu hazinisumbui. Akanivuta sweta. "Wewe, vayolini ya pili. Kaa hapa. Na nyinyi watatu mtamfuata huyu. Akiingia shimoni, ingieni naye."

Vayolini ya kwanza akapewa Purity, binti wa meneja wa kiwanda, msichana mwenye soksi ambazo hazikuteremka hata mara moja.

Sasa niambieni, mtoto wa darasa la sita akisikia "ya pili" anaelewa nini? Shuleni kwetu nambari zilibandikwa ukutani. Wa kwanza anapewa daftari na makofi, wa pili anaulizwa nyumbani kwani huyo wa kwanza ana vichwa viwili. Nikajua nimeshindwa na Purity katika mtihani ambao hata sikuambiwa ni mtihani. Nikajua pia dawa yake: nisome kwa bidii, nipige sehemu yangu bila kosa hata moja, na Mwalimu atanipandisha.

Na sehemu yangu yenyewe ilikuwa nini? Wimbo tuliokuwa tukiujifunza ni ule ambao wanawake wa kwetu humwimbia bi harusi anapotoka kwa wazazi wake. Mtoto anaujua kabla hajajua kujifunga vifungo. Mwalimu Njiru aliuandika kwenye karatasi, akaupangia vyombo, na ule wimbo wenyewe akawapa vayolini za kwanza. Sisi wa pili akatupa hivi: kimya, ta, ta. Kimya, ta, ta. Kurasa mbili nzima. Hesabu ya kwanza unanyamaza, ya pili na ya tatu unapiga, kisha unarudia, mpaka mkono unataka kukatika na akili inataka kwenda nyumbani bila wewe.

Nilipiga. Nilipiga kimya-ta-ta kila jioni kwa miezi, nyuma ya bucha, nimekaa juu ya kreti la soda, lundo la mifupa mbele yangu na mbwa watatu wakinisikiliza kwa sababu zao wenyewe. Ndani Baba alikuwa anakata nyama. Kadiri nilivyozidi kuwa hodari ndivyo Mwalimu alivyozidi kuridhika nami pale pale nilipokuwa. "Vizuri sana," angesema, "hivyo hivyo, usibadilishe kitu," nami ningerudi nyumbani nikilia njia nzima. Nikikumbuka leo nataka kumshika yule mtoto mabega nimtikise, halafu nimtikise Mwalimu.

Baba hakuniita kwa jina langu. Mimi ndiye binti yake wa kwanza, nimebeba jina la mama yake, kwa hivyo aliniita Mama, na hakuwa anatania. Akininunulia viatu, amemnunulia mama yake viatu. Hakuwahi kunichapa, kwani nani anachapa mama yake? Kazi hiyo aliachiwa mama yangu mzazi, naye aliifanya kwa wawili. Ukija kwenye bucha ukanisalimia vibaya, ulirudi nyumbani na mifupa mitupu.

Basi Jumapili moja Baba akapata wageni. Mjomba wake alikuja kutoka Kianjokoma na wazee wawili, mbuzi akachinjwa, watu wakala wakashiba, na Baba akajipangusa mdomo akasema, "Mama, lete ile kitu yako utupigie."

Nikaileta. Nikapaka upinde rozini, nikaiweka vayolini begani kama tulivyofundishwa, mgongo umenyooka. Wazee wakaweka vikombe chini. Nikaanza. Kimya, ta, ta. Kimya, ta, ta. Nilipiga ukurasa wa kwanza wote bila kosa. Nikageuza ukurasa, nikaendelea. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, akakiinua, akamwangalia Baba, akaniangalia mimi, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Inaanza lini?"

Nikasimama. Nikamwambia imeshaanza, tena imebaki kidogo iishe.

"Hiyo ni nini sasa?" Baba akauliza.

"Ni ule wimbo wa bi harusi."

"Wimbo uko wapi?"

"Wimbo uko kwa Purity."

Mzee mmoja akaanza kuchokonoa meno ambayo hayakuwa na kitu. Baba akauliza polepole, "Kwa nini wimbo uko kwa Purity?" Nami, mjinga mimi, nikamjibu kile nilichokiamini. Nikasema Purity ni wa kwanza na mimi ni wa pili.

Lazima mwelewe baba yangu alikuwa anaishi kwa kugawa. Kwetu mbuzi akichinjwa hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Mbavu zina watu wake, figo zina watoto wake, na ukimwekea mzee kipande cha kijana umemtukana bila kufungua mdomo. Baba alikuwa ameifanya desturi hiyo kuwa kazi yake na riziki yake. Alichosikia Jumapili ile hakikuwa habari ya muziki hata kidogo. Alisikia kwamba watu wamekaa chini kwenye stoo ya kiwanda, wamegawa wimbo, mbavu wamempa mtoto wa meneja, na mama yake wamempa shingo.

"Mwanaume wewe, hiyo si nyama," mama yangu akamwambia jikoni. Hakusikia. Usiku kucha alikuwa anageuka kitandani.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa katikati ya mazoezi mlango wa stoo ukafunguka. Baba. Koti jeupe limejaa damu, gamboti miguuni, na mbavu kilo mbili mkononi zimefungwa kwa gazeti. Nilitamani magunia yaniangukie. Akaziweka mbavu juu ya gunia mbele ya Mwalimu Njiru, akavua kofia.

"Mwalimu, habari ya kazi."

"Nzuri, Baba Nyaga. Tuko katikati ya kazi yenyewe."

"Sitakawia. Mimi sikusoma sana, lakini kugawa najua. Huyu mtoto ako na jina la mama yangu. Mmempa nini?"

"Nimempa vayolini ya pili."

"Hiyo ni shingo."

"Baba Nyaga, hapa hatugawi nyama."

"Mnagawa. Mbona wa meneja ako na wimbo na wangu ako na ta-ta?"

Mwalimu akafumba macho kidogo. "Hiyo ya pili ndiyo inabeba wengine."

"Hata punda inabeba," Baba akasema.

Bwana Swaleh alikohoa nyuma ya besi yake, na sote tulijua si kikohozi. Na hapo, hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Mwalimu Njiru angeeleza! Dakika mbili tu. Angesema, vayolini za kwanza, hebu pigeni peke yenu, mzee asikie mnavyokimbia ovyo. Angesema, sasa pigeni pamoja na huyu. Mtu aliyefundisha miaka thelathini alishindwa kumfundisha mchinjaji mmoja kitu kimoja, kwa sababu amekatizwa na amevunjiwa heshima mbele ya watoto. Akasema, "Kama hutaki, mchukue."

Na Baba akanichukua. Alinishika mkono mbele ya Purity, mbele ya kila mtu, nikaacha vayolini juu ya kiti. Tulifika barabarani ndipo akakumbuka mbavu. Akarudi akazichukua.

Jumamosi tatu nilikaa kwenye bucha nikifukuza nzi. Baba alinipa kazi ya kusimamia mizani, akidhani ni cheo. Nilichokitaka nakijua vizuri, na sikuwa na namna ya kumweleza: sikutaka wimbo tu, nilitaka kuwa pale. Nilitaka ule wakati Mwalimu anainua mkono, watu wote wanavuta pumzi mara moja, nesi na karani na fundi na Purity na mimi, na huwezi kujua pumzi yako ni ipi. Nyumbani nilipiga kimya-ta-ta kwa kijiko juu ya meza mpaka mama yangu akakificha kijiko.

Jumamosi ya nne, mchana, Mwalimu Njiru alitokea kwenye bucha. Alipanga foleni kama watu wengine, nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, mpaka zamu yake ikafika. Akaagiza nusu kilo ya nyama ya kawaida. Kisha akasema, huku akiangalia ng'ombe aliyening'inia, asimwangalie Baba, "Bila huyu wanakimbia. Nimejaribu mwingine. Nimejaribu wawili pamoja. Na Embu ni mwezi ujao."

Okestra ilikuwa imealikwa kupiga Embu mjini, kwenye ukumbi, mbele ya wakubwa wa wilaya. Hata Baba alikuwa amesikia.

"Utampa wimbo?"

"Hapana."

Baba akaweka nyama kwenye mizani. Nilikuwa nyuma yake nimeshika kaunta kwa mikono miwili.

"Lakini atakaa mbele," Mwalimu akasema. "Pembeni kabisa, upande wa watu. Utamwona."

"Na nitamsikia?"

Mwalimu aliniangalia. "Utamsikia."

Baba akakata kipande kingine kizuri cha paja, akakiongeza juu ya ile nusu kilo bila kukipima, na kwa hivyo mambo yakawa yameisha. Wanaume! Mwalimu alimaanisha kwamba chochote Baba atakachosikia kitakuwa kimekaa juu yangu. Baba alielewa kwamba nitapigiwa makofi kwa wimbo ambao nitaupiga mimi. Kila mmoja akaenda zake ameridhika, na mzigo wakaniachia mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Siku ya Embu, Baba alifunga bucha. Hakuwa ameifunga hata siku ya kuzaliwa Nyaga. Alikuja na mjomba wa Kianjokoma na wachinjaji wenzake wawili, wote wamevaa makoti ya harusi, wakakaa mstari wa tatu. Nilipopanda jukwaani alinionyesha kwa kidole, nikaona midomo yake inasema "mama yangu." Nilikaa pembeni kabisa kama nilivyoahidiwa. Nikaupaka upinde rozini mara mbili ili mkono uwe na kazi.

Mwalimu akainua mkono. Tukavuta pumzi. Tukaanza.

Kimya, ta, ta. Purity na wenzake wakautoa wimbo, na ukumbi ukaguna kwa furaha, watu wameujua mara moja. Kimya, ta, ta. Nikamwona Baba ameweka kiganja nyuma ya sikio. Kimya, ta, ta. Ameinama mbele, amekunja uso, ananitafuta ndani ya kelele zile kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye majani. Mjomba akamnong'oneza kitu. Sikukisikia, lakini nilikijua. Inaanza lini?

Nikashindwa. Nasema ukweli, sikupanga. Wimbo nilikuwa naujua tangu mgongoni kwa mama yangu, na vidole vilikuwa vimeshautafuta siku nyingi nyuma ya bucha. Nikaacha kimya-ta-ta, nikaupiga wimbo, kwa nguvu, nikimwangalia Baba. Nilifikiri, mimi ni mmoja tu, wenzangu watatu wataishikilia ile yetu, hakuna atakayejua.

Lakini wale watatu walikuwa wamefundishwa kitu kimoja kwa miezi minane. Wanifuate. Hata nikiingia shimoni. Wakaniangalia kwa mshangao, halafu, watoto watiifu wale, wakaacha sehemu yao wakaingia kwenye wimbo nyuma yangu. Chini hakukubaki mtu. Karani, ambaye alikuwa akihesabu kwa kunisikiliza mimi, akapotea, akapiga mara mbili mahali pabaya, akashusha upinde. Nesi akanyamaza. Bwana Swaleh akaendelea peke yake kidogo, akasimama. Na vayolini zikaanza kukimbia. Zilikimbia kama mbuzi walioona lango wazi, kila mmoja akiharakisha ili asiachwe na mwenzake, na Mwalimu Njiru akipiga hewa kwa mikono miwili mbele yetu, tukimwona, na hakuna aliyeweza kusimama. Tulimaliza mapema mno, mmoja mmoja. Purity alimaliza wa mwisho na machozi yanamtoka.

Na ukumbi ukalipuka! Watu walikuwa hawajawahi kuusikia wimbo wao ukipigwa na vayolini zote kwa pamoja, wazi hivyo, kwa kasi ile. Wanawake walipiga vigelegele. Baba alikuwa amesimama juu ya kiti na viatu vyake vya harusi, anapiga kelele, "Huyo ni mama yangu! Mmemsikia? Huyo ni mama yangu!" Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona ana furaha kama ile. Siku ya harusi yangu haikufika nusu yake.

Nyuma ya jukwaa Mwalimu alikuwa anakusanya vyombo. Alipanguza kila vayolini kwa leso yake, akiondoa vumbi la rozini kwenye nyuzi, kisha akailaza sandukuni. Nilipomfikia akachukua yangu mkononi mwangu, akaipanguza kama zile nyingine, taratibu, bila haraka.

"Baba yako amefurahi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi vizuri." Akafunga sanduku. "Jumamosi usijisumbue kuja."

Ningependelea anichape. Ningependelea aseme mbele ya watu wote nilichofanya, Purity anirushie kiti. Rozini ilibaki mfukoni mwangu kwa sababu hakukumbuka kuiomba. Tulipofika nyumbani nilizunguka nyuma ya bucha nikaivurumisha kwenye lundo la mifupa, nikakaa kwenye kreti langu nikalia mpaka pua ikafunga.

Sikumwambia Baba kwamba nimefukuzwa. Naye, Jumamosi iliyofuata aliponiona niko nyumbani, alijipa maelezo mwenyewe: kwamba nimemaliza kufundishwa. Aliwaambia wateja miaka na miaka. "Wamemfundisha mpaka wakampa wimbo wenyewe. Sasa watamfundisha nini tena?" Nami nilikuwa nasimama pale kwenye mizani, nasikia, napima nyama. Okestra iliendelea bila mimi kwa muda, kisha Mwalimu akaugua, kisha stoo ikajazwa mbolea.

Nilipokuwa mtu mzima, na watoto wangu, nilikutana na yule karani kwenye foleni ya benki. Alinishika mkono akacheka tu kuniona. Akaniambia, kama kitu cha kupitisha wakati, kwamba ile karatasi ya vayolini ya pili Mwalimu Njiru aliiandika mwisho. Alikuwa ameshapanga vyombo vyote na ameona haviwezi kusimama. Ndipo akaniona napiga makofi siku ile, akaenda nyumbani akaiandika usiku huo huo. "Alisema amepata mahali pa kuuweka wimbo," karani akasema, halafu akaitwa dirishani. Nilitaka kupiga mayowe katikati ya benki. Yaani hili lilikuwa linajulikana? Karani analijua, pengine hata Bwana Swaleh analijua, na mtu pekee ambaye hakuambiwa ni yule aliyeandikiwa?

Hizo ndizo hasira nilizokuwa nazo mlangoni mwa bucha, rozini mkononi, wiki tatu baada ya mazishi. Nilimrudishia Nyaga sabuni yake. Kulikuwa na mteja anangoja mbavu, kwa hivyo akaipaka mpini, akashika panga, akaanza. Alisogeza nyama kwenye gogo, akakata, akakata. Akasogeza, akakata, akakata. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka mkoba wangu, nikasimama.

"Nani alikufundisha kukata hivyo?"

"Mzee, nani tena?" Hakuacha kazi. "Unageuza, unakata mara mbili. Ukiharakisha unajikata vidole. Alikuwa anakata hivyo siku zote, na anaimba na pua."

"Anaimba nini?"

Nyaga akaona haya kidogo, mwanaume mzima mwenye ndevu nyeupe. Lakini aliimba na pua, kwa sauti ya Baba kabisa, huku panga ikienda. Haukuwa wimbo wa bi harusi. Hapakuwa na wimbo wowote ndani yake. Anageuza nyama, kimya, halafu ta, ta. Kimya, ta, ta. Miezi minane nilipiga kile kitu upande wa pili wa ukuta ule nikidhani ni mbwa tu wanaonisikia. Mzee aliyekuja kupigana na Mwalimu kwa sababu ya shingo aliichukua shingo ile, akaila kimyakimya maisha yake yote, na mimi akanionyesha zile kelele zake za juu ya kiti kule Embu tu. Nilimkasirikia mpaka nikaketi.

"Huo ni wimbo gani?" nikauliza. Nilitaka kumsikia akisema.

"Sijui jina. Alisema ni wako."

Mteja alikuwa anatuangalia. Nyaga akarudi kwenye mbavu, sasa haraka, ili amalize kabla sijaanza kumlilia hapo mbele ya watu, na panga ikaanza kukimbia.

"Unaharakisha," nikamwambia. "Hapo unapogeuza, ngoja kidogo. Sasa kata."